Masizi ya Chartres

Kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, liliungua mwaka 1194 na kujengwa upya. Waliolizuru karne ya 20 walilijua kwa giza lake: kuta nyeusi, na kati yake vioo vya madirisha, vya buluu, vikiwaka kama makaa. Kisha ukarabati wa ndani ulioanza mwaka 2009 ukatoa kuta za rangi ya samli, zenye mistari myeupe ya kuigiza maungio ya mawe. Wengine walihisi wameibiwa. Mwaka 2014 mhakiki Mmarekani, Martin Filler, aliiita kazi hiyo kashfa.

Rangi hiyo lakini haikuota kichwani mwa fundi. Mchunguzi hubandua kibanzi kidogo kuliko punje ya mchele, chenye matabaka yote hadi kwenye jiwe, akakigandisha ndani ya gundi ngumu, akakikata na kukitazama kwa hadubini. Vumbi lililonaswa kati ya rangi mbili humwambia kwamba ile ya chini ilikaa wazi muda mrefu kabla ya kufunikwa. Akikuta nyeupe ya titani, rangi ambayo haikutumika kabla ya karne ya 20, tabaka hilo ni la karne hiyo au baadaye. Huko Chartres, warejeshaji walisema, chokaa ya karne ya 13 ilikuwa bado imeshika sehemu kubwa chini ya masizi.

Wapinzani wana hoja nzito: weusi ule ndio uliokuza mng'ao wa vioo, nao pia ni historia. Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka kazi ya kila zama iheshimiwe, na urejeshaji ukome pale kukisia kunapoanza. Ila mkataba huohuo unaruhusu kufunua la chini ikiwa kinachoondolewa hakina thamani kubwa na kinachofunuliwa kina thamani kubwa. Masizi ni kazi ya nani? Ya mishumaa. Na waliopanga vioo vile hawakuvipangia kuta nyeusi. Kwa kuta, basi, nipo upande wa mafundi.

Sanamu ya Bikira Maria wa Nguzo, iliyomo kanisani humo, ni kesi nyingine. Mahujaji walimjua kama Mama Mweusi. Siku hizi ana uso mweupe na mashavu ya waridi, kwa sababu weusi wake, tuliambiwa, uliongezwa baadaye. Huenda. Lakini ule haukuwa moshi tu uliotua wenyewe: watu waliupigia magoti na kuupa jina. Hadubini ingeonyesha ipi ilitangulia, ila swali la ipi ibaki haliulizwi hadubini, na hapo mimi ningeweka brashi chini.