Mwacheni Michael Jackson na mbalanga yake

Jumamosi iliyopita nimekaa kwa kinyozi, shuka shingoni, mashine inanguruma juu ya sikio, televisheni ya ukutani ikapiga Billie Jean. Kijana aliyekuwa akisubiri zamu akaguna: "Huyu jamaa bwana, hela zote zile akaenda kununulia uzungu." Kinyozi akacheka. Mzee mmoja kwenye benchi akadakia: "Dogo, achana na maneno ya wazungu. Walimzulia kila kitu, mpaka ile kesi ya watoto, kwa sababu mtu mweusi kawa mkubwa kuliko wao." Wakaanza kubishana. Mimi mashine iko kichwani, hata shingo siwezi kuigeuza, na moyoni nawaka kwa wote wawili.

Nianze na dogo.

Nikiwa darasa la nne, mama yangu mdogo alitokwa na doa kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Doa dogo, kama punje ya mchele. Alikuwa akiuza vitumbua asubuhi, kwa hiyo kidole kile mtaa mzima ulikiona kila siku kikigeuza vitumbua kwenye chuma. Miezi ikapita, doa likapanda mpaka kwenye kifundo, likaja jingine kwenye kona ya mdomo, jingine kwenye kope. Wateja wakaanza kupungua mmoja mmoja. Wengine walisema ataambukiza watu. Wengine, na hawa ndio waliomuumiza, walisema ni mkorogo umemgeuka, ameyataka mwenyewe. Akaanza kugeuza vitumbua kwa mkono wa kushoto, ambao ulikuwa bado safi. Hilo nalo likawa kosa jipya: nani atakula chakula cha mkono wa kushoto? Watoto wa mtaa wakampa jina. "Maiko, nipe viwili vya moto."

Kwa hiyo mtu akiniambia Michael alijichubua kwa sababu alichukia weusi wake, huwa namwona mama mdogo na kijiti chake mkono wa kushoto.

Februari 1993 Michael alikaa na mtangazaji Oprah Winfrey pale Neverland, shambani kwake, watu wapatao milioni 90 wakitazama, akasema ana ugonjwa unaoharibu rangi ya ngozi na hana uwezo wa kuuzuia. Mbalanga. Mwili wenyewe unazishambulia chembe zinazotengeneza rangi, ngozi inabaki mabaka mabaka. Ikishaenea sana, kuna madaktari wanaoona ni nafuu kufifisha kile cheusi kilichobaki kuliko kumpaka mtu rangi mwili mzima kila asubuhi. Alipokufa Juni 2009 na maiti ikapasuliwa, ripoti iliandika ugonjwa ule ule. Miaka mingi imepita tangu siku hiyo, na bado kwa kinyozi wangu mtu "alinunua uzungu".

Pua sitaitetea. Hospitali alikwenda kwa miguu yake na mwenyewe alikiri. Nywele nazo hivyo hivyo, ingawa tukianza kuhukumu watu kwa nywele, nusu ya akina dada wa mjini hawatapona.

Na sisi tusijifanye watakatifu. Februari ya 1992 alipozunguka Afrika, akapita Gabon, Ivory Coast wakamvika ufalme kwa kabila la Wasanwi, akafika mpaka Dar es Salaam akakutana na Rais Mwinyi, habari iliyosambaa ilikuwa ipi? Kashika pua. Eti Afrika inamnukia vibaya. Watu wake wakasema ni mazoea yake tu akiwa na wasiwasi, nani aliwasikiliza? Mpaka leo ukimtajia mtu wa rika langu ziara ile atakujibu, "Si ndiyo ile aliyoziba pua?" Mtu huyu alikuwa amefungua wimbo wake kwa Kiswahili, mwimbaji wa Afrika Kusini Letta Mbulu akitamka "nakupenda pia, nakutaka pia, mpenzi wee", ingawa wimbo wenyewe unamwimba msichana wa Liberia. Liberia na Kiswahili wapi na wapi, lakini mwaka 1987 nani mwingine wa ukubwa ule alitukumbuka? Sisi tukakumbuka pua.

Sasa wenye magazeti. MTV, kituo cha televisheni cha muziki cha Marekani, ilianza 1981 na kwa miaka ya mwanzo ilikuwa kama baa yenye mlinzi mlangoni: mweusi anachunguliwa kwanza. David Bowie, mwanamuziki Mzungu, ndiye aliyewauliza hadharani mwaka 1983 mbona wasanii weusi hawaonekani, akajibiwa kwa kigugumizi. Walter Yetnikoff, bosi wa kampuni ya muziki ya CBS, kwa maelezo yake mwenyewe, alibidi atishie kuondoa video za wasanii wake wote ndipo Billie Jean ipigwe. Mlango ukafunguka, Michael akawajaza pesa. Haikuchukua muda, magazeti ya udaku ya Uingereza yakambatiza "Wacko Jacko", yaani Jacko kichaa. Ngozi, sokwe wake wa kufuga, pua, barakoa, kila kitu kikapikwa chungu kimoja, na kila wiki kinapakuliwa.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na naomba mnivumilie. Chungu kile ndicho kilichoharibu kila kitu. Mwaka 1993 huo huo mtoto alipomlalamikia kwamba alimdhulumu kingono, lalamiko lile lilitupwa ndani ya chungu, pamoja na mbalanga na sokwe. Gazeti lililokuwa limekudanganya juu ya ngozi yake ndilo lile lile likakuambia, sasa sikiliza, hili ni zito. Nani atasikiliza? Mama mdogo wangu hakusikiliza. Alikuwa na ushahidi mkononi mwake, kwa maana halisi ya mkono, kwamba hawa watu ni waongo. Wakaguse vipi moyo wake kuhusu watoto? Kejeli za miaka kumi zilimjengea Michael ngome ambayo wakili wa bei yoyote asingeweza kuijenga. Na waliobaki nje ya ngome ile ni watoto, kama walikuwa wanasema kweli.

Ndiyo maana mzee wa kwenye benchi naye siwezi kumwachia.

Mzee wangu, ubaguzi ulikuwepo, nakupa. Nakuongezea na mfano: Jimmy Savile. Mtangazaji wa BBC, Mzungu, alipewa cheo cha Sir mwaka 1990, akafa Oktoba 2011 akililiwa na taifa. BBC yenyewe ikaweka kabatini uchunguzi juu ya tuhuma zake za kudhulumu watoto kingono, na Krismasi ikarusha vipindi vya kumsifu. Mpaka mwaka uliofuata ndipo waathirika wake, mamia, wakasikika. Nchi iliyokuwa na kamera langoni kwa Michael haikuwa na kamera hata moja kwa jirani yake. Hilo ni rangi na linanuka rangi.

Lakini je, Savile kufichwa kunamsafisha Michael? Kwa hesabu gani? Mwaka 2003 Michael alikaa mbele ya kamera za mwandishi wa habari Martin Bashir, mtu mzima wa miaka zaidi ya 40, akasema kulala kitanda kimoja na watoto wa watu ni upendo. Hakuna Mzungu aliyemtungia maneno yale. Mtaani kwetu mwanamume akisema hivyo, wazazi hawasubiri gazeti. Mahakama ilimwachia mashtaka yote Juni 2005, hilo nalo liandikwe kwa herufi kubwa, na familia yake mpaka leo inakanusha yote. Kisha 2019 wanaume wawili wakaeleza utoto wao kwenye filamu, mmoja wao akiwa ndiye aliyemtetea kizimbani 2005. Unaweza usiwaamini. Lakini uwasikilize kwanza ndipo usiwaamini. Kusema "ni ubaguzi" kabla hawajafungua mdomo ni kumpa kila mtu mweusi mwenye pesa kibali cha kufanya atakalo na watoto wetu, kwa sababu wengine wa watoto hao ni weusi pia, na wako hapa hapa.

Baada ya filamu ile nilimpigia mama mdogo. Yuko Mbagala, mbalanga ilishamaliza mikono yote miwili, sasa anageuza vitumbua kwa ule autakao. Nikamuuliza, mama, unasemaje kuhusu mwenzako Maiko? Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Ngozi yake naijua, baba. Hayo mengine sikuwepo. Ila wale vijana wamelia kweli."

Kisha akaniuliza mafuta yake ya jua nimeyapata, maana yale ya mwezi uliopita yameisha.