Wiki Sita na Alama ya Kuuliza

Karatasi yenyewe iko kabatini, ndani ya bahasha ya kaki ninamowekea risiti za ada. Nimeikunjua na kuikunja mpaka imeanza kuchanika kwenye mkunjo. Daktari wa hospitali ya wilaya aliiandika haraka haraka, kwa mwandiko wao ule tunaoujua, na yaliyosomeka ni machache: umri, miaka 47, watoto, watatu, kutokwa damu bila mpangilio. Chini kabisa ziko herufi mbili na alama ya kuuliza. "Ca?"

Mwanangu wa kidato cha pili alinikuta nimeikodolea macho. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, hivi Ca ni nini? "Kalsiamu, mama," akajibu bila hata kuinua kichwa kwenye simu. Basi kwa dakika kama tano hivi niliamini nina tatizo la mifupa. Kisha nikaingia mtandaoni mwenyewe, nikakuta kwamba kwa madaktari Ca ni kifupi cha saratani. Usiku ule sikulala. Na tarehe niliyopewa ya kumwona daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake ilikuwa wiki sita mbele.

Sitaki kuandika kuhusu saratani, maana hadi leo sijaambiwa kama ninayo au sina. Nataka kuandika kuhusu hizo wiki sita. Kila niliyemgusia alinipa neno lile lile: subira. Subira yavuta heri, dada. Mungu hamtupi mja wake. Vuta subira tu, tarehe itafika. Sina ugomvi na subira, nimelelewa nayo. Ila nimegundua kwamba tunawapa wagonjwa subira kama vile tunavyompa mtoto peremende ili anyamaze. Mtu anayejua anasubiri nini anaweza kusubiri mwaka mzima. Asiyejua, wiki moja inamtoa roho.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, nesi mstaafu, niliyemfuata jioni moja akiwa anachambua mchele barazani. Akavaa miwani, akaisoma ile karatasi, akaniangalia.

"Da'angu, hiyo alama ya kuuliza ndiyo barua yenyewe," akasema. "Angekuwa ameiona, asingeuliza."

Akanieleza huku akiendelea kutoa mawe kwenye ungo. Mwanamke aliyevuka miaka 45, akianza kutokwa damu ovyo, daktari mzuri hatakiwi kumwambia "ni umri huo" kisha amrudishe nyumbani. Anatakiwa ampeleke akapigwe ultrasound, na mara nyingi achukuliwe kipande kidogo cha ngozi ya ndani ya mji wa mimba kikapimwe maabara. Wengi wanaopimwa hivyo hukutwa na mambo mengine kabisa: uvimbe wa fibroidi, ambao sisi wanawake weusi unatupata zaidi kuliko wengine, au vinyama vidogo vya ndani, au homoni tu zimepoteza mwelekeo. Saratani inaandikwa kwenye orodha ili ifutwe. Ikikutwa mapema, ndiyo maana ya kwenda.

Maelezo hayo yalichukua muda wa kuchambua kilo moja ya mchele. Daktari aliyeniandikia alikuwa na foleni iliyofika mpaka nje kwenye mwembe, na simlaumu kwa hilo. Lakini sentensi moja ingetosha. "Nakutuma ili tuiondoe saratani kwenye hesabu, siyo kwa sababu nimeiona." Hiyo tu, sekunde tano. Ningelala.

Kuhusu homoni zenyewe, jirani alinipa mfano uliokaa kichwani kwangu kwa sababu kazi yangu ni hesabu za duka la vifaa vya ujenzi. Ovari, alisema, hazifungi ofisi siku moja. Ni kama mfanyakazi anayekaribia kustaafu: mwezi huu anakuja, mwezi ujao haonekani, mwezi wa tatu anakuja mara mbili. Mwezi ambao yai halikutoka, homoni ya kutuliza ile ngozi ya ndani haizalishwi, ngozi inaendelea kunenepa, na siku ikiporomoka inaporomoka yote. Ndiyo maana nilikuwa nakaa siku 50 bila kuona kitu, halafu natoka kwa siku 12 mfululizo, na mabonge juu. Na ndiyo maana, kabla ya lolote, walinipima mimba. Nilicheka, nesi hakucheka. Mpaka upitishe miezi 12 mfululizo bila hedhi huwezi kusema umekoma, na mimba bado inaweza kuingia.

Hapa niseme kitu kinachoniuma. Sisi tuliokulia Pwani, tulipovunja ungo tuliwekwa ndani. Akaja somo, akatufunda: jinsi ya kujisitiri, jinsi ya kuhesabu siku, nani wa kumwambia na nani wa kumficha. Palipigwa ngoma, palipikwa pilau. Mlango wa kuingilia una kungwi wake. Wa kutokea hauna mtu. Mama yangu alichowahi kuniambia kuhusu kukoma hedhi ni maneno matatu, "siku zangu zimekatika", tena aliyasema akiwa ameshanipa mgongo anakwenda jikoni. Kumbe zile usiku alizokuwa akitoka kukaa uani peke yake, nasi tukidhani ana mawazo ya marehemu baba, huenda alikuwa anaungua kwa lile joto la kukoma hedhi.

Nije kwenye wasiwasi wenyewe, maana watu wanadhani ni kuwaza sana. Wangu haukuanzia kichwani. Saa tisa za usiku nilikuwa naamka nimelowa, kanga imenata mgongoni, feni inazunguka juu lakini kama inapuliza mvuke. Moyo unadunda hadi nausikia kwenye mto. Kisha ndiyo mawazo yanaingia: Ca, watoto, nani atalipa ada, nguo zangu watagawana akina nani. Kwa wiki tatu niliamini kwamba mawazo ndiyo yananiamsha. Siku moja nikakaa kitandani nikafuatilia mpangilio wake kama ninavyofuatilia leja isiyokubali kubalansi, nikaona kwamba joto ndilo linalotangulia. Linapanda kutoka kifuani kuja usoni. Moyo unafuata. Halafu akili, ikiwa imeamshwa na moyo unaokwenda mbio bila sababu, inatafuta sababu, na sababu iko kabatini tayari kwenye bahasha ya kaki.

Ugunduzi huo umenisaidia kuliko dua nyingi nilizoombewa, Mungu anisamehe. Sasa likipanda najiambia kwa sauti, "Hili ni joto tu," nakaa, nashusha miguu sakafuni kwenye sementi, nanywa maji, navuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi. Dakika chache linapita. Wakati mwingine mawazo huja hata hivyo. Ila yakija hayanikuti nimelala chini ya moyo unaodunda.

Nusu nyingine ya wasiwasi wangu ilikuwa damu. Simaanishi kuiogopa, namaanisha kuipungukiwa. Jirani alinitazama kwenye kope za chini na viganja, akaniuliza kipimo cha wingi wa damu nilikuwa na ngapi. Sikuwa na jibu, sikuwahi kupimwa. Mwanamke ametoka damu siku 12, anaandikiwa rufaa ya wiki sita, na hakuna aliyechoma kidole chake! Kesho yake nikaenda zahanati. Ikatoka 8.6. Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya 12 ni upungufu. Mapigo ya moyo kwenda mbio, kuhema kwa kupanda ngazi za duka, kuchoka, kichwa chepesi, hata ule woga usio na jina: nilikuwa nimeyaandika yote kwenye fungu la wasiwasi, kumbe sehemu yake ilikuwa inasubiri kidole kitobolewe.

Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikaambiwa nisivinywe na chai, kwa sababu chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Kwa mtu anayekunywa chai ya rangi vikombe vitano, hiyo ilikuwa adhabu. Shoga zangu kwenye kundi la WhatsApp walinipa rozela, unga wa mlonge, habasoda na maombi. Rozela naipenda, nimeinywa, lakini sikuiweka badala ya vidonge. Kisha siku ya tatu choo kikatoka cheusi kama lami, nikalia chooni nikijua kwamba sasa yameshafika tumboni. Ni vidonge, jirani akasema, akicheka mpaka miwani ikamshuka. Ndivyo vinavyofanya, wengi wanaovinywa hukiona. Umeona ninachosema? Sentensi moja nyingine ambayo haikusemwa dirishani, na usiku mwingine ukapotea.

Kuna sentensi ya tatu, nayo ni ya hatari zaidi kuikosa. Hakuna aliyeniambia ni wakati gani nisisubiri tarehe. Naiandika hapa kwa anayesoma akiwa na karatasi kama yangu: ukijaza pedi nzima ndani ya saa moja, na nyingine tena saa inayofuata, au ukaona kizunguzungu, ukazimia, pumzi ikakata, hiyo si ya kliniki ya wiki sita, nenda hospitali muda huo huo, usiku au mchana. Na kama ulishamaliza miezi 12 bila hedhi kisha damu ikarudi, hata tone, usiseme ujana umerudi. Nenda ukaonwe.

Mengine niliyofanya ni madogo. Nilichukua kalenda ya ukutani tuliyopewa dukani, nikaweka alama nyekundu kwa siku za damu na idadi ya pedi, na nukta ya buluu kwa usiku mbaya. Baba watoto alidhani nahesabu deni. Nimejipangia pia saa ya kuwaza: saa kumi na moja jioni, nikichambua mchele au kumenya vitunguu, nawaza yote, mazishi yangu yakiwemo. Likinijia wazo asubuhi ndani ya daladala naliambia lirudi jioni. Linaonekana ni jambo la kitoto. Jioni ikifika, robo ya mawazo huwa nimeyasahau. Na kazini nimeacha kujificha: nina kanga nyeusi niliyoikunja kwenye kiti, na aliyeuliza nimemjibu. Kijana wa stoo aliuliza, akajuta.

Mtu niliyechelewa kumwambia ni baba watoto. Nilimwambia wiki ya nne. Nilimwonyesha zile herufi mbili, nikamweleza kama jirani alivyonieleza mimi, na alama ya kuuliza yake. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akapanda kwenye stuli, saa nne usiku, akaanza kufungua feni aisafishe vumbi, jambo nililomwomba tangu mwaka jana. Akiwa huko huko juu, amenipa mgongo, akauliza: "Siku hiyo wanaruhusu wanaume kuingia?"

Sijui kama wanaruhusu. Nimepiga simu mara mbili haijapokelewa. Zimebaki siku tisa. Nimetoa kopi ya karatasi kwa sababu ile halisi itachanika kabla ya kufika, na nyuma ya kopi nimeandika maswali: damu yangu sasa ni ngapi, mtachukua kipande au hamchukui, kinauma kiasi gani, majibu yanatoka baada ya siku ngapi, na nikiwa nayasubiri hayo majibu nimpigie nani. Hilo la mwisho nimelipigia mstari.