Sambaza Wanaochekesha

Shemeji yangu ni dereva wa Mwingereza mmoja aliyekuja Goma kikazi. Wawili hao huongea kwa vidole: kushoto, kulia, simama. Mama mkwe aliposikia bosi anakaribia kuondoka bila kula kwake, mtaa wa Ndosho, akamwalika, na mkalimani akawa mimi. Kosa langu mwenyewe. Siku ya mahari, kati ya sifa zangu, nilitaja kozi ya Kiingereza ya jioni ya miezi 6. Sikutaja kwamba mvua zilipoanza sikurudi tena darasani.

Majina ya vitu sikuyaogopa. Samaki ni samaki, hata kwa Kiingereza. Vivumishi ndivyo vilivyonivua nguo.

Mezani kulikuwa na bugali, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na kibakuli cha pilipili ambacho mgeni alidhani ni mchuzi. Alichota kijiko kizima juu ya sombe, akatia mdomoni, akageuka rangi. "Hot!"

"Mama, anasema ni moto."

Mama mkwe akachukua sahani, akaitoa nje, akaipepea kwa mfuniko. Akairudisha. Mgeni akajaribu tena, machozi yakamtoka. "Very hot!"

"Bado ni moto sana, mama."

"Moto wa wapi? Imepoa kuliko maji ya Kivu alfajiri!" Lakini mgeni ni mgeni, sahani ikatoka tena. Ilipokwenda mara ya tatu ndipo nikakumbuka kwamba Waingereza neno hilo moja wanalibebesha moto na ukali kwa pamoja, kama chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ikitoka Kibumba na makaa chini na makabichi juu. Nikanyamaza. Mkalimani hajisahihishi mbele ya mama mkwe.

Akaletewa sombe nyingine, isiyo na pilipili. Akaisifu: "rich". Nikatangaza kwamba anasema sombe ni tajiri. Mama akaweka mwiko chini. "Tajiri ni yeye. Mimi mawese nimekopa." Kumbe alimaanisha imekolea mafuta na karanga.

Tukafika kwa sambaza. Mgeni akainua mmoja, akamnusa, akamrudisha taratibu, kisha akaninong'oneza kwamba samaki wananuka "a bit funny".

Funny! Hilo nilikuwa nalo mfukoni, maana video zote za vichekesho kwenye simu yangu zimeandikwa hivyo. Nikasimama kabisa: "Anasema sambaza wetu wana harufu ya kuchekesha!"

Nyumba nzima ikacheka. Mama mkwe alicheka hadi akashika meza, akasema mzungu huyu ana roho nzuri. Mgeni alitutazama mmoja mmoja tukicheka na kutafuna, yeye hakugusa. Mimi, ili mama asione chakula kimebaki, nikamaliza na fungu lake.

Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Friji ya mama ilikuwa kabati tu, na sambaza walikuwa humo tangu jana yake. Sote tulijua.

Choo ni kimoja, sisi tulikuwa 7. Saa saba usiku foleni ilikuwa kama ya Petite Barrière, mpakani na Rwanda, siku ya soko. Mama mkwe alikuwa mbele yangu na tochi. Akanimulika usoni.

"Mkwe, lile neno la mzungu, uliniambia maana yake nini?"

"Kuchekesha, mama."

"Basi cheka."

Asubuhi mgeni akapiga simu, shemeji alikuwa ameshindwa kwenda kazini. Akanieleza polepole, kama anayeongea na mtoto, kwamba kitu kikinuka "funny" maana yake kina kasoro, na kwamba alishangaa sana kuona habari hiyo inatufurahisha. Nikataka kuokoa heshima ya mama. Nikamwambia samaki hawana kosa, ni tumbo langu tu ndilo "very sensible". Kwa Kifaransa chetu neno hilo ni mtu au kitu chepesi kudhurika, na linaandikwa vilevile.

Kimya. Halafu akacheka mpaka akakohoa. Kwa Kiingereza nilikuwa nimemwambia tumbo langu lina busara sana. Akasema kama ni hivyo, siku nyingine nishauriane nalo kabla ya kula.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, anasubiri. "Anasemaje?"

"Anakusalimia, mama."