Yolande Mabika na somo la kuanguka

Katika judo, mwanafunzi hafundishwi kumwangusha mwenzake mpaka ajue kuanguka yeye mwenyewe. Hukunja kidevu hadi kifuani ili kisogo kisigonge chini, huviringa mgongo, kisha hupiga mkeka kwa kiganja na mkono mzima wakati mwili unapotua, na zoezi hilo hulirudia hata likawa jepesi kama kupumua. Kila ninapomfikiria Yolande Mabika, mawazo yangu huenda kwenye somo hilo kabla ya kufika kwenye Olimpiki.

Mabika alizaliwa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Vita vilimtenganisha na wazazi wake akiwa mtoto, akapelekwa Kinshasa, na huko, akilelewa pamoja na watoto wengine waliokimbia vita, ndiko alikojifunza judo. Mwaka 2013 alikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, akabaki Brazil kuomba hifadhi. Miaka mitatu baadaye, katika jiji lilelile, alikuwa mmoja wa wanamichezo 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki, akishindana katika uzani wa kilo 70. Alishindwa pambano lake la kwanza na Linda Bolder wa Israeli, na mashindano yakaishia hapo kwake.

Wapo wanaosimulia habari kama hizi kana kwamba michezo ni dawa ya kusahau. Sikubaliani nao. Aliyefiwa huzika, hukaa matanga, na hufika siku ya kuyaondoa. Mtoto aliyepotezana na wazazi wake vitani hana hata kaburi la kulilia, hivyo msiba wake hauna siku ya kwisha. Naamini judo humpa mtu kama huyo jambo dogo lakini la kutegemewa: saa ya mazoezi ambayo lazima afike, mwenzake anayemsubiri mkekani, na mikono inayomkamata ukosi bila chuki. Huangushwa, huinuka, huinamiana na mwenzake kwa heshima, wakaanza upya.

Kwa hiyo huniuma tunapowapima mabinti kama yeye kwa medali pekee. Kabla ya Rio, Mabika alieleza tumaini lake kwamba huenda jamaa zake wangemwona, wakakutana tena. Jina lake lilipotangazwa ukumbini, kabla hajamshika mpinzani wake, wito kwa jamaa zake, alioutaka kuliko ushindi, ulikuwa tayari umetolewa mbele ya dunia nzima.