Injini ikishushwa, tapeti zisifungwe kwa sikio

Kuna tabia kwenye gereji zetu za pikipiki inaniuma sana. Injini imeshushwa, bloku imechongwa, pistoni na ringi mpya zimeingia, valvu zimesagwa, mwenye chombo ametoa pesa ya maana. Halafu hatua ya mwisho, tapeti, zile skrubu za kurekebisha nafasi juu ya valvu, zinafungwa injini ikiwa bado ya moto, fundi ametega sikio. Anakaza kidogo, anasikiliza, anakaza tena, mpaka ule mlio wa tiki tiki upotee. Mteja anafurahi, anasema sasa imekuwa mpya. Kumbe uharibifu umeanza palepale.

Nazungumzia injini ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 na kuigwa mno na viwanda vya China. Pikipiki nyingi za Kichina zinazopiga bodaboda zina injini ya ukoo huo: kamshafti, mhimili unaoendesha valvu, iko chini, na fimbo mbili zinapanda kusukuma roka, vyuma vinavyobonyeza valvu huko juu. Nafasi inayotakiwa kati ya skrubu ya roka na ncha ya valvu ni milimita 0.08, valvu zote mbili, injini ikiwa ya baridi. Hiyo ni nyembamba kuliko karatasi ya fotokopi. Sikio la binadamu haliwezi kuipima, hata fundi awe na uzoefu gani.

Inayoteseka zaidi ni valvu ya ekzosi. Inapitiwa na moshi wa moto mkali muda wote injini inapounguruma, na nafuu yake ni pale inapofunga na kukaa kwenye kiti chake, ndipo joto linapohamia kwenye hedi, yaani kichwa cha injini. Ukiibana tapeti, valvu haifungi sawasawa. Moto unapenya pembeni na kuula ukingo wake. Asubuhi pikipiki inawaka vizuri, ikishapata moto inagoma kiki, na kwenye mlima inalia tu bila nguvu. Hapo watu wanalaumu kabureta, wananunua plagi, wanarudi kuchonga bloku. Tapeti iliyolegea nayo ina madhara yake, inagonga na kula vyuma, lakini angalau utaisikia. Iliyobana inaua kimyakimya.

Kwa hiyo pikipiki ilale gereji. Asubuhi fungua upande wa magneti, toa plagi ili injini izunguke kirahisi, kisha izungushe kwa spana kinyume cha saa mpaka alama ya T ikutane na alama ya kwenye kava. Usishike skrubu bado! Alama hiyo inakutana mara mbili kabla valvu hazijamaliza zamu yao, mara moja pistoni ikiwa imebana hewa, mara nyingine ikiwa inamalizia kutoa moshi. Tikisa roka zote mbili kwa vidole. Zikicheza zote, upo mahali pake. Kama kuna inayokataa, zungusha mzunguko mmoja mzima. Ingiza fila, kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya milimita 0.08, ipite huku ikikwaruza kidogo. Shikilia skrubu, kaza nati, halafu pima tena, maana nati inapokazwa huwa inaivuta skrubu. Wanaopima mara moja tu wanaacha kazi nusu.

Kama fila hakuna kabisa, wembe mpya wa kunyolea una unene wa milimita 0.1. Nafasi itakuwa pana kidogo, na bado nauamini kuliko sikio.

Jambo ambalo gereji nyingi hazimwambii mteja ni kwamba kazi haijaisha siku hiyo. Valvu zilizosagwa zinaendelea kuzama kwenye viti vyake, na gasketi ya hedi inajibana. Yote mawili yanapunguza nafasi ile ile uliyoipima. Honda wenyewe, kwa pikipiki mpya, wanataka tapeti zikaguliwe kwenye sevisi ya kwanza ya kilomita 1,000. Mimi naona iliyoshushwa injini irudi mapema zaidi, kwenye 500 hivi, na bei ya kurudi huko iwe ndani ya bei ya kushusha injini tangu mwanzo, mteja asidaiwe upya.

Na nyie mabosi wenye pikipiki, dereva harudi gereji kwa sababu asubuhi hiyo anadaiwa hesabu kamili. Msameheni hesabu ya siku hiyo, alaze chombo, aende akapimiwe injini ikiwa ya baridi.