Ukiita Mariamu Nyumbani Kwangu, Shauri Yako

Jamani, mimi nimechoka na jina Mariamu. Si wenye jina, msije mkanichongea, jina lenyewe. Mama yangu Mariamu. Mama mkwe Mariamu. Mke wangu Miriamu, karithi kwa bibi yake. Binti alipozaliwa nikajua sasa nitapumua, kumbe vikao vilishafanyika nisiambiwe: apewe jina la bibi. Bibi yupi? Yeyote! Ndiyo uzuri wake, wakasema, hakuna wa kununa. Basi nikiita "Mariamu, maji!", ama wanaitika wote kwa pamoja, ama haitiki hata mmoja, kila mtu akijua kaitwa mwenzake. Maji nayafuata mwenyewe.

Kwenye simu ndiyo usiseme. Mariamu Mama, Mariamu Mkwe, Mariamu Ofisini, Mariamu Kikundi, Mariamu Usipokee. Huyo wa mwisho ni mweka hazina wa michango, ndiye anayepiga kuliko wote.

Sasa mwalimu kampa binti kazi ya nyumbani: andika maana ya jina lako. Kaacha mstari mmoja. Mmoja! Wapo wanaosema ni Kiebrania, maana yake uchungu. Wengine wanasema uasi (hapo nilimtazama mke wangu, nikameza mate). Wengine wanalipeleka Misri ya kale, kwenye neno la kupenda, maana Miriamu wa kwanza tunayemsoma, dada yao Musa na Haruni, alikuwa huko huko Misri. Halafu akaja Jerome, yule msomi wa Biblia wa karne ya 4, na Kilatini chake: stilla maris, tone la bahari. Wanakili, inavyoelezwa, wakateleza herufi moja, tone likawa stella, yaani nyota, na mpaka leo watu wanaimba Maria Nyota ya Bahari. Herufi moja imeteleza, imepandishwa mbinguni! Fomu ya mtu wa kawaida ikiwa na herufi moja pembeni, inarudishwa dirishani na foleni unaanza upya.

Binti kaandika: "Uchungu, uasi, upendo, nyota. Baba anasema mstari ni mdogo."

Na msidhani msongamano huu ni wa juzi. Wasomi waliokusanya majina ya Wayahudi wa Palestina ya enzi za Yesu wamekuta karibu mwanamke mmoja kati ya watano akiitwa hivyo. Ndiyo maana Injili zinasomeka kama simu yangu: Mariamu Magdalene, Mariamu wa Klopa, Mariamu mama yao Yakobo na Yose. Bila kiambatisho hujui anazungumzwa nani. Mfalme Herode naye alioa Mariamne, akamuua mwaka 29 KK, kisha akaoa Mariamne mwingine. Ukatili wake siutetei, ila mwanamume wa namna hiyo akiweweseka usiku akataja jina, hana kesi ya kujibu.

Ukisema ulikimbie jina kanisani, msikitini limekutangulia. Kurani nzima mwanamke aliyetajwa kwa jina lake ni mmoja tu, naye ni Maryam, tena ana sura yake, ya 19. Wengine wote ni mke wa fulani, mama wa fulani. Kati ya majina yote ya kike duniani!

Wanaume nao hawakuliacha. Rainer Maria Rilke, mshairi. Carl Maria von Weber, mtunzi wa muziki. Wanaume wazima, na majina mengine wanayo, lakini katikati pale lazima achomekwe Maria.

Waliowahi kunifurahisha ni Waayalandi wa zamani. Waliliona takatifu mno kumpa mtoto likaja kutukanwa nalo, wakawa wanasema Máel Muire, mtumishi wa Maria. Watu wa adabu. Baadaye adabu ikawaishia wakamwaga Máire, Moira, Maureen. Wahispania wao wakazunguka mlango wa nyuma, wakachukua sifa za Bikira: Dolores wa mateso, Pilar wa nguzo, Mercedes wa rehema. Na huyo Mercedes ndiye aliyenimaliza kabisa. Mfanyabiashara mmoja, Emil Jellinek, aliyekuwa akiuza magari ya Daimler, alikuwa na binti wa jina hilo, na jina la binti likapewa gari mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kwa hiyo hata lile gari linalonipigia honi nilipishe njia, nalo ni Mariamu.

Marekani ndiko kidogo walijitahidi. Kwenye orodha zao za majina ya watoto zinazoanzia 1880, Mary anaongoza mwaka hadi mwaka mpaka 1946. Mwaka 1947 akatokea Linda akamng'oa. Mary akarudi 1953, akakaa mpaka 1961, Lisa akamtoa, na siku hizi hata kwenye mia ya kwanza hayumo. Nikataka kupiga makofi, kabla sijaona kwamba Mia anatamba kwenye kumi bora. Mia! Si ndiye huyohuyo, kakatwa nywele tu?

Haya mnaona nayachimba bure, lakini mke wangu ni mjamzito na dalili, wanasema wanawake wenye macho, ni za msichana. Vikao vimeshaanza. Shemeji kapendekeza Maureen, kisasa kidogo. Wifi anataka Mia. Mama anasema Mariamu Mdogo, kana kwamba mkubwa tumempa likizo. Mimi safari hii nikasimama mbele yao wote, nikasema mtoto ataitwa Linda.

Mama mkwe akauliza: alinde nini?

Mke wangu hakuuliza alinde nini. Aliuliza Linda ni nani, na tangu lini.