Nyota ya BFC Dynamo: jasho au mbeleko?

Juu ya nembo ya BFC Dynamo ya Berlin, timu ya daraja la nne Ujerumani, kuna nyota moja yenye namba 10 ndani yake. Hayo ni mataji kumi ya ligi kuu ya Ujerumani Mashariki waliyobeba mfululizo, kuanzia msimu wa 1978/79 hadi 1987/88. Mwaka 2004 ligi ya Ujerumani ilipoanza kugawa nyota kwa mabingwa, ilihesabu mataji ya Bundesliga tu, si yale ya Mashariki. BFC hawakungoja ruhusa, wakajibandikia nyota wenyewe. Mwaka 2005 shirikisho likatafuta suluhu: bingwa wa zamani anaweza kuvaa nyota moja yenye idadi ya mataji yake.

Karatasi zikamalizana. Ubishi haukuisha, kwa sababu ukimtajia shabiki wa mahasimu wao, Dynamo Dresden, mataji hayo kumi, atakucheka: walibebwa wale!

Wana sababu. BFC ilikuwa timu ya Dynamo, jumuiya ya michezo ya polisi na usalama wa taifa, na rais wa jumuiya hiyo alikuwa Erich Mielke, waziri wa Stasi, yaani idara ya usalama na ujasusi ya Ujerumani Mashariki. Alikaa jukwaani kama mwenye timu. Hata chimbuko la klabu lina doa: mwaka 1954 wachezaji wa Dynamo Dresden, wakiwa miongoni mwa timu bora nchini, walihamishiwa Berlin kwa amri, maana mji mkuu ulitakiwa uwe na timu ya maana. BFC yenyewe ilizaliwa humo mwaka 1966. Kumbuka pia kwamba baadhi ya marefa walikuwa watoa habari wa Stasi, na refa aliyetaka kuchezesha mechi za nje alihitaji kibali cha kusafiri. Hakuhitaji kupigiwa simu ili ajue upepo unavuma wapi. Katika fainali ya Kombe ya 1985 BFC walifungwa 3-2 na Dresden, lakini chama cha soka kilipoipitia mechi kikakuta makosa ya refa yameegemea upande wa BFC. Yaani kubebwa wakabebwa, na kombe wakalikosa.

Kinachonivutia zaidi ni kisa cha Machi 22, 1986, kwa sababu kila anayewashtaki BFC huanza nacho. Lokomotive Leipzig walikuwa nyumbani wakiongoza 1-0. Muda wa kawaida ulishapita, refa Bernd Stumpf hapulizi kipenga cha mwisho, kisha anatoa penalti kwa BFC. Frank Pastor akafunga. Nchi nzima ikawaka, na Stumpf akafungiwa maisha kuchezesha ligi kuu, adhabu iliyopata baraka za wakubwa wa chama tawala. Miaka ikapita, Ukuta wa Berlin ukaanguka, na mwaka 2000 ikaoneshwa video iliyopigwa kutoka upande mwingine wa uwanja: mchezaji wa Leipzig anamsukuma mwenzake wa BFC ndani ya boksi. Ilikuwa penalti halali.

Kwa hiyo ushahidi maarufu kuliko wote ulikuwa na kasoro. Lakini wanaoitumia video hiyo kuwasafisha BFC wanakwenda mbali mno. Mechi moja haifuti miaka kumi, na kama watu walikuwa tayari kuamini mara moja kwamba refa ameuza mechi, ni kwa sababu walishaona mengi kabla yake.

Upande wa utetezi una kocha Jürgen Bogs, aliyeinoa timu hiyo tangu 1977, na kizazi cha kina Andreas Thom, Thomas Doll na Frank Rohde. Msimu wa 1982/83 hawakupoteza hata mechi moja ya ligi. Machi 1980 waliwafunga Nottingham Forest, mabingwa wa Ulaya, 1-0 kwao Uingereza, ambako Mielke hakuwa na refa. Marudiano Berlin wakalala 3-1. Hapo ndipo hoja inapogeuka tena: kati ya klabu nyingine za Mashariki, Magdeburg walitwaa Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1974, Jena na Lokomotive wakafika fainali yake miaka ya 1981 na 1987, ilhali BFC hawajawahi kuiona fainali ya Ulaya. Mwaka 1988 waliichapa Werder Bremen 3-0 nyumbani, wakaenda Bremen wakala tano bila jibu.

Kwa mtazamo wangu, kipenga kimelaumiwa kupita kiasi na kapu la vipaji halijalaumiwa vya kutosha. Klabu nyingine zilisaka vijana katika maeneo yao. BFC, kupitia vituo vya Dynamo, ilivuna nchi nzima. Timu iliyopata vijana namna hiyo ingeshinda mechi nyingi hata kwa refa malaika. Sasa wale vijana waliotokwa jasho, utawanyang'anya medali kwa sababu ya mlezi wao? Mimi nisingeigusa nyota hiyo. Ila nisingemkatalia mtu wa Dresden kicheko chake.

Ukuta ulipoanguka, Thom akaenda Leverkusen, Doll akaenda Hamburg, klabu ikajibadilisha jina kuwa FC Berlin na kulirudia la zamani mwaka 1999. Ikafilisika, ikaporomoka hadi daraja la tano. Mwaka 2022 walitwaa ubingwa wa kanda ya kaskazini-mashariki katika daraja la nne, lakini mtoano wa kupanda ukawakutanisha na VfB Oldenburg: wakafungwa 2-0 nyumbani, wakashinda 2-1 ugenini, wakabaki palepale.